Mto Umesogea

Mtaani kwetu, huku Mto Morogoro unakoshuka kutoka Uluguru kwenda kuungana na Ngerengere, kamati ya maafa imepata uhai ghafla. Kuna fununu ya ruzuku, na ruzuku haitoki bila andiko la mradi, wala andiko halipokelewi bila muhtasari wenye mhuri. Waliokwepa msaragambo wa kuzibua mtaro sasa wanagombea viti vya mbele.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 ziachwe kutoka ukingo wa mto. Katibu akakunjua futi kamba. Kabla hajafika mita ya 14, akagota kwenye choo cha mjumbe mmoja.

“Mzee, tuandike kwamba mto ndio umesogea,” akashauri.

Ikaandikwa. Umesogea, tena bila kibali.

Mtaro ulijadiliwa upesi upesi. Mashamba ya mlimani yanayotuletea tope kila masika hayakutajwa, maana hayana mjumbe. Posho ya wapimaji ndiyo iliyokesha mezani.

Mwenye choo aliuliza moja tu: fidia yake italipwa kabla ya masika au baada?