Vita vya Fimbo na Tangi

Mfuko uliingia nyumbani kwetu Tabata kwa bajaji, jioni ya mwisho wa mwezi, na wa kwanza kuuona alikuwa mama mkwe, aliyekuwa kibarazani akichagua mchele. Alishusha miwani, akautazama ulivyoegemea mlango na vichwa vyake vya chuma vikichungulia, akamuuliza mwanawe kwa upole: "Baba, unakwenda kuwinda?"

Baba Watoto alicheka cheko la mtu aliyepandishwa cheo. Akazitoa fimbo moja moja, akazilaza mkekani, akaanza somo. Mchezaji wa gofu anaruhusiwa kubeba fimbo 14, hazizidi. Zake yeye, alizouziwa na mwenzake wa ofisini aliyehamishiwa Mwanza, hazikufika idadi hiyo, na moja ilikuwa imefungwa solatepu shingoni. Hii ndefu ni ya kupigia mbali, hii yenye uso uliolala ni ya kuutoa mpira mchangani, hii nyembamba ni ya kuusukumia ukishakaribia shimo. Bosi wake anacheza. Bosi wa bosi wake anacheza. Mjini hapa yapo mambo ya kazi yanayoamuliwa kikaoni, na yapo yanayoamuliwa watu wakitembea kutoka shimo la nne kwenda la tano, na mume wangu alikuwa amechoka kusikia yale ya kikaoni tu.

Ningekuwa na kaka mpole, kisa kingeishia hapo.

Kaka yangu ni beki wa timu ya maveterani. Kila Jumapili asubuhi hucheza kwenye uwanja wa vumbi, kisha huja kwetu kula akiwa bado na soksi zake ndefu, akichechemea kidogo ili aulizwe. Siku alipoziona fimbo alisahau kuchechemea.

"Shemeji, na huu nao ni mchezo?"

"Mchezo, shemeji. Tena wa Olimpiki."

"Tangu lini?"

Hapo Baba Watoto alikuwa amejiandaa. Gofu ilikuwepo kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1900 na ya St. Louis mwaka 1904, ikatoka, ikarudi Rio mwaka 2016, ambako Justin Rose wa Uingereza alichukua dhahabu ya wanaume na Inbee Park wa Korea Kusini ile ya wanawake. Kaka akauliza, hiyo miaka mia na ushei katikati walikuwa wamekwenda kubadili nguo? Watoto wakaangua kicheko. Mume wangu, ambaye hapendi kuchekwa mbele ya mama yake, akaweka kijiko chini.

Hoja ya kaka ilikuwa fupi. Mwanamichezo hukimbia. Mwanamichezo hutoka jasho. Mwanamichezo hapigi mpira kisha akapanda kigari cha umeme kuufuata. Akamtaja John Daly, yule Mmarekani wa kitambi na sigara, aliyeshinda Open Championship pale St Andrews mwaka 1995. "Niambie beki gani anavuta sigara!" (Wa kwao nawajua wawili, ila chakula kilikuwa kinapoa.)

Baba Watoto akajibu kwa Tiger Woods. US Open ya mwaka 2008, Torrey Pines, California: goti lina kano iliyokatika, mfupa wa muundi una nyufa. Mashimo 72 yakaisha hana mshindi juu yake wala hajamshinda Rocco Mediate. Kesho yake wakacheza 18 mengine, bado sare. Wakaongeza moja, na hapo ndipo Woods akamaliza kazi. Mashimo 91 kwa mguu mbovu, kisha moja kwa moja kwenye upasuaji. "Wewe ukikanyagwa kidole unalala chini mpaka uletewe machela."

"Na Madina Iddi wa Arusha," akaongeza, "anashinda ndani na nje ya nchi. Yeye naye ana kitambi?"

Binti yetu mkubwa anasoma sheria, kwa hiyo siku hizi hatuli bila kesi. Alisubiri wajomba na mababa wachoke, ndipo akasema kwamba mwaka 1457 Bunge la Uskoti, enzi za Mfalme James wa Pili, lilipiga marufuku gofu na mpira wa miguu kwa pamoja, kwa sababu wanaume waliacha kufanya mazoezi ya upinde na mishale. "Sheria moja, mjomba. Wote wawili mlihesabiwa wazembe."

Kisha akaleta ile kubwa. Casey Martin, mchezaji wa kulipwa wa Marekani, alizaliwa na maradhi ya mishipa ya damu kwenye mguu wa kulia, na kila hatua kwake ilikuwa maumivu. Akaomba atumie kigari mashindanoni. PGA Tour wakakataa: kutembea ni sehemu ya mchezo, uchovu ni sehemu ya mtihani. Wakongwe Arnold Palmer na Jack Nicklaus walitoa ushahidi kuunga mkono msimamo huo. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2001 majaji saba dhidi ya wawili wakampa Martin haki yake. Katika ushahidi, mtaalamu alieleza kwamba kuuzunguka uwanja mzima kwa miguu, kwa muda wa saa tano hivi, kunaunguza kama kalori 500, yaani pungufu ya Big Mac moja.

Kaka akapiga meza mpaka dagaa wakaruka. "Mahakama ya Juu imesema! Baga moja! Tena haiishi!"

Baba Watoto alimgeukia binti yake kama mtu aliyelipa ada bure. "Mwanangu, hiyo kesi ni ya upande gani?"

"Ya sheria, baba." Na akaendelea, maana hajafundishwa kuishia katikati: walichosema wale majaji saba ni kwamba kiini cha gofu ni kuupiga mpira, kuutoa ulipo na kuufikisha shimoni kwa mapigo machache kadiri iwezekanavyo. Miguu si kiini. Jaji Scalia aliyepinga aliona kichekesho majaji wazima kukaa kuamua gofu ni nini. Kwake yeye kanuni za mchezo wowote ni za kujitungia tu, na aliyezitunga hana wa kumweleza.

Mimi nilimwona Scalia mtu wa maana, ingawa alikuwa upande ulioshindwa. Mama mkwe, mtu wa Pangani, alikuwa na lake. "Marehemu babu yenu alicheza bao tangu alasiri mpaka magharibi. Anarudi kalowa jasho na hajanyanyuka kitakoni. Hakuna aliyempa medali." Akaomba maji ya kunawa.

Zikafuata wiki za mazoezi. Mpira wa gofu hauzidi gramu 46, lakini ukiugonga usiku kwenye korido ya sakafu ya saruji, nyumba nzima inajua. Shimo lina upana wa milimita 108. Mume wangu akapita jikoni na rula akipima midomo ya vikombe, mabakuli na makopo, mpaka akalipata kopo la maziwa ya unga nililowekea hiliki. Hiliki ikahamia kwenye mfuko wa nailoni, na kopo likalazwa mwisho wa korido, mlangoni kwa mama yake. Dada wa kazi alijifunza kuruka mpira akiwa na trei ya chai bila kuutazama. Nilipouliza bei ya mipira iliyokuwa ikipotelea kwa jirani, nilijibiwa kwamba utulivu wa akili hauna bei.

Kaka hakuacha. Kila Jumapili alirudi na sentensi ile ile: mpira umetulia, haukimbii, hakuna anayekukaba, hakuna anayekuvuta jezi, kuna ugumu gani? Jumamosi moja Baba Watoto akachoka. Akaweka mpira kwenye kijani kidogo nyuma ya nyumba, kati ya mchicha wa mama na mnara wa tangi, akamkabidhi shemeji yake fimbo ya chuma.

"Umetulia. Piga."

Wasomaji wa Dar hawahitaji kuelezwa maana ya tangi la lita 1,000 katika wiki ya mgao. Maji yalikuja usiku wa manane, yakiwa membamba. Nilikesha nayo mimi na pampu mpaka tangi likajaa, na asubuhi ile nilikuwa nikilitazama kwa mapenzi.

Kaka alivua saa. Alitema mate viganjani, akapanua miguu kama anayesubiri penalti, akavuta fimbo mpaka nyuma ya kisogo. Pigo la kwanza lilipiga hewa, kwa mvumo mzuri sana. Lililofuata lilichimbua tuta la mchicha na kumvisha mama mkwe udongo kichwani. Watoto walikuwa wamekaa ukutani, na hilo ndilo lililomponza, kwani alikusanya nguvu zote alizonazo. Safari hii aliupata mpira, ila kwa shingo ya fimbo badala ya uso. Mpira haukwenda mbele. Ulikatiza kulia, chini chini, kwa kasi niliyoisikia kuliko kuiona. Baba Watoto baadaye alinieleza kwamba pigo lile lina jina lake na wachezaji wenyewe huogopa kulitamka.

Koki ya tangi ni ya plastiki. Ilikatika shingoni.

Aliyefika kwanza alikuwa dada wa kazi. Alibana kiganja kwenye tundu, maji yakampiga kifuani, akavua kanga ya juu na kuishindilia kwa kidole gumba. Mama mkwe, udongo ukiwa bado kichwani, akashika usukani: ndoo hapa, sufuria pale, wewe leta beseni la kuogea mtoto, acha hilo lina sabuni. Binti alibeba ndoo huku na huku na sheria yake yote ikanyamaza. Mimi nilishika madumu ya lita 20, moja kila mkono, kutoka mnarani hadi pipa la stoo, nikirudi kwa mbio. Beki wa maveterani alikwenda safari chache, kisha akakaa kwenye ngazi akihema. Baba Watoto alikuwa akizunguka akitafuta koleo ambalo hatujawahi kuwa nalo.

Tuliokoa kama nusu. Nilipokaa chini mikono ikitetemeka nilifikiri kuhusu ile baga. Kama jasho ndilo linalotoa vyeti, basi uani kwangu kulikuwa na wanamichezo watatu wa kike na hakuna mwanamume hata mmoja. Lakini sidhani kwamba tulichofanya kilikuwa mchezo. Hakuna aliyekuwa akihesabu, na hakuna aliyetaka kurudia. Kilichomshinda kaka pale kijanini ni kitu kingine kabisa. Nguvu alikuwa nazo, mapafu anayo ya kutosha dakika tisini. Mwili wake ulikataa kumtii kwa sehemu ndogo ya sekunde ambayo chuma hukutana na mpira. Kwa wachezaji wa kulipwa kichwa cha fimbo hupita hapo kwa kasi ya kilomita 180 kwa saa hivi, na kikipinda nyuzi chache tu mpira unakwenda kwa jirani. Wao hufanya hivyo siku nne mfululizo, mpira ukiwa umetulia kweli, ukiwangoja wajiharibie wenyewe bila beki wa kumlaumu. Mtu aliyeufundisha mwili wake kutii namna hiyo, awe na kitambi, asiwe nacho, mimi nitamwita mwanamichezo. Na mfuko wake wa fimbo abebe mwenyewe, maana hapo ndipo nisipokubaliana na wenye mchezo: mashimo 18 yale yale hutembewa na kijana aliyebeba mfuko begani, na huyo hatajwi na mtu.

Fundi bomba alikuja alasiri kwa kandambili, na msumeno kwenye rambo. Alikata bomba, akapima nyuzi, akakuta kovu la mviringo kwenye plastiki. Akatazama huku na huku mpaka akaiona fimbo imelala kwenye matuta.

"Nani kaiacha hii kwenye maji?"

Akaiokota, akaifuta kwa shati lake, akaikagua uso kwa kidole. Akauomba mpira. Hatukuelewa, tukampa. Alisimama kwenye udongo mtupu, magoti yamelegea, akainua fimbo kidogo tu, kama anayefukuza kuku. Mpira ukapanda juu ya kamba ya nguo, ukateremka, ukatumbukia katika beseni la maji lililokuwa mlangoni. Kaka alisimama kutoka kwenye ngazi.

Utotoni, alisema fundi, alibeba mifuko ya wachezaji kiwanjani. Jioni wenyewe wakiondoka, wao vijana walicheza kwa fimbo moja ya kupokezana. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Afrika Mashariki wameanzia hivyo hivyo. Yeye alipata bomba.

"Basi wewe tuambie," mama mkwe akasema. "Ni mchezo, si mchezo?"

"Kwa mwenye mfuko ni mchezo, mama. Sisi tulikuwa kazini." Akarudi kwenye tangi. "Elfu 35. Koki mnanunua wenyewe."

Baba Watoto akamtazama shemeji yake. Kaka akasema fimbo si yake. Baba Watoto akasema mkono si wake. Binti akafungua kinywa: "Kisheria..." Mama mkwe alimnyamazisha kwa jicho, akafungua pindo la kanga, akahesabu noti, akamwagiza kaka yangu aupande upya mchicha kabla ya jua kuzama. Kisha akamuuliza fundi anachukua kiasi gani kumfundisha mtu mzima kupiga huo mpira, mtu mwenyewe akiwa mwanawe.

Fundi alimpima Baba Watoto kwa macho, kutoka viatu hadi kofia, akasema kwa huyo itabidi wapatane kwanza.