Ombi la Kushtakiwa kwa Kicheko Chenyewe

KWA: Wote wenye dhamana ya kulinda heshima ya wakubwa
YAH: Mzaha kutotajwa kwenye hati za mashtaka

Mchekeshaji wa Afrika Mashariki akimgusa mkubwa, wito wa polisi huja haraka. Hati ya mashtaka ikisomwa, mzaha haumo. Kinachosomwa ni laini ya simu, leseni, usajili au karatasi nyingine ambayo hakuna aliyewahi kuiulizia kabla watu hawajacheka. Wachekeshaji, kwa unyenyekevu wote, wanaomba utaratibu huu uangaliwe upya.

Kesi ya Idris Sultan inatosha kuonyesha unavyofanya kazi. Oktoba 2019, siku ya kuzaliwa ya Rais John Magufuli wa Tanzania, mchekeshaji huyo alisambaza picha alizobadilishana sura na Rais. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam akasema hadharani kwamba msanii huyo hajui mipaka ya kazi yake, akamwelekeza aripoti polisi. Mei 2020 mambo yakajirudia. Safari hii alijirekodi akiangua kicheko mbele ya picha ya zamani ya Rais, enzi za ujana, ndani ya suti iliyompwaya. Alikaa mahabusu zaidi ya wiki. Alipofikishwa Mahakama ya Kisutu, suti haikutajwa popote. Shtaka lilihusu laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Haya yalitokea katika nchi ambayo bibi kijijini anapiga simu kwa laini ya mjukuu wake na hajawahi kuitwa kituoni.

Karatasi ina historia ndefu katika kazi hii. Januari 2015, mwezi ambao gazeti la The EastAfrican lilichapa katuni ya mchoraji Gado kuhusu Rais Jakaya Kikwete, serikali ya Tanzania ililizuia gazeti hilo kwa maelezo kwamba halijasajiliwa nchini. Gazeti lilikuwa likiuzwa hapo kwa takriban miaka 20. Mwaka uliofuata Gado mwenyewe aliachana na waajiri wake wa Nairobi, baada ya mkataba wake kutoongezwa.

Wakubwa wa mbali nao wameupenda mtindo huu. Septemba 2025, mwenyekiti wa tume ya mawasiliano ya Marekani, Brendan Carr, alichukizwa na maneno ya mchekeshaji Jimmy Kimmel, akadokeza kwamba jambo hilo linaweza kumalizwa kwa njia rahisi au kwa njia ngumu. Siku hiyo hiyo kampuni ya Nexstar, yenye vituo vingi vya televisheni na iliyokuwa ikisubiri idhini ya tume hiyo ili kuinunua kampuni ya Tegna kwa dola bilioni 6.2, ilitangaza kukiondoa kipindi cha Kimmel hewani, na ABC ikakisimamisha. Hakuna aliyetia saini amri yoyote. Kimmel alirudi baada ya siku chache, maana watazamaji walipiga kelele. Mchekeshaji wa Kisutu hana watazamaji wa namna hiyo. Ana wadhamini wawili na barua ya serikali ya mtaa.

Uganda inastahili pongezi. Julai 2020 kundi la wachekeshaji la Bizonto lilikamatwa kwa video iliyowataka wananchi wawaombee viongozi, kisha ikawataja viongozi hao jina kwa jina, na karibu wote wakaonekana kutoka upande mmoja wa nchi. Polisi walizungumzia uchochezi wa ubaguzi. Walau hapo kosa lilikuwa na uhusiano na kilichosemwa.

Kwa hiyo linaombwa Daftari la Taifa la Picha za Zamani. Kila kiongozi, kabla ya kuapishwa, awasilishe picha zake zote tangu darasa la kwanza, pamoja na za harusi za binamu. Kamati ya mafundi cherehani watatu ipime kila suti: mabega yamezidi mwili kwa sentimita ngapi, suruali imeishia juu ya kifundo au imemeza viatu, tai imefika kitovuni au imekata tamaa njiani. Picha zipangwe kwa madaraja. Daraja A zisichekwe kabisa. Daraja B ziruhusu tabasamu la mdomo uliofungwa, mbele ya mjumbe wa nyumba kumi. Daraja C ziruhusu kicheko chenye sauti, kisichozidi sekunde tano, baada ya kulipia namba ya malipo na kusubiri ujumbe wa uthibitisho. Mtandao ukiwa chini, mwombaji abane mbavu hadi kesho yake. Atakayetokwa na machozi ajaze fomu ya nyongeza. Afro na suruali za bwaga ziwe na kitengo chao, kwa kuwa miaka ya sabini itahitaji watumishi wa kudumu.

Gharama si kikwazo. Nchi inayoweza kutoa askari, mahabusu, wapelelezi, waendesha mashtaka na hakimu kwa ajili ya suti moja haiwezi kukosa fedha za futikamba.

Mtu alilazwa mahabusu kwa kucheka. Hakuiba dawa za hospitali, hakula fedha za barabara. Wanaokula fedha hizo huitwa waheshimiwa, na suti zao siku hizi zinawakaa vizuri sana. Waliomkamata walijua alichofanya, mwendesha mashtaka alijua, waandishi waliokuwa mahakamani walijua. Kisha wote wakakaa kwa adabu kusikiliza habari za laini ya simu. Huo uongo wa pamoja ndio unaoudhi kuliko selo.

Wachekeshaji wanaomba radhi kwa ukali huo na kurejea kwenye adabu. Pia wanaomba mkubwa anayeudhika aseme mwenyewe kilichomuudhi, badala ya kumtuma mkuu wa mkoa. Simu za usiku kwa wakurugenzi wa vituo vya televisheni zipigwe saa za kazi. Na hati ya mashtaka ijayo iandike kwa Kiswahili cha kawaida kwamba mshtakiwa alimwona kiongozi, akacheka, na kwamba jamhuri iko tayari kuleta mashahidi kuthibitisha kuwa picha ile haichekeshi.