Baiskeli Moja, Wajukuu Kumi na Wawili

Baba mkwe alinunua baiskeli moja kwa ajili ya wajukuu 12. Sisi wa Kilosa tuna watoto 3. Kwa wifi yangu Mikumi wapo 9, wake na wa dada yake.

"Nyumba ni mbili, haki ni nusu kwa nusu," mzee alisema. Akarusha sarafu ya shilingi 200: Karume kwa Kilosa, simba kwa Mikumi, maana hifadhi iko kwao. Akatokea Karume. Vikaratasi 3 vikatiwa bakulini, likatoka jina la mwanangu wa pili.

Wifi hakugusa ubwabwa. Alifunga mabegi, akaita watoto. "Baba, wanangu umewapunja."

Mzee akawaka. Amewapunjaje, na sarafu haina ndugu?

Mimi nilisimama na wifi, ingawa mshindi nimemzaa mwenyewe. Kila mtoto wa Kilosa alikuwa na nusu ya sarafu, kisha theluthi ya bakuli: nafasi 1 kati ya 6. Wa Mikumi alikuwa na nusu ya moja ya tisa, yaani 1 kati ya 18. Mwanangu alimzidi binamu yake mara 3, kisa tu kwetu ni wachache!

Shemeji, aliyekuwa karani wa sensa ya Agosti 2022, akaomba nafasi ya kusema. Mwaka huo huo, Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilipofanya utafiti wa afya ilichagua maeneo 629 nchini, na kila eneo kaya 26. Eneo lenye kaya nyingi lilipewa nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa. Kwa hiyo kaya iliyo kwenye msongamano haikuonewa: ilichobanwa ndani ya eneo lake, ilishafidiwa nje. Kwa mtindo huo Mikumi ingepewa 9 kati ya 12, Kilosa 3, na kila mtoto angeishia na 1 kati ya 12.

"Si mtie tu majina yote bakuli moja?" mama mkwe akauliza toka jikoni. Ndiyo. Hesabu ni ile ile.

Mzee hakukubali upesi. "Na ningekuwa nagawa shamba?"

"Shamba la nyumba, Baba, ligawe kwa nyumba. Baiskeli ulisema ni ya wajukuu."

Kura ikarudiwa, mwanangu akilia. Baiskeli ikaenda kwa binti wa Mikumi. Ikabaki pampu, ikapigiwa kura na wale 11, kila mmoja 1 kati ya 11, ikaangukia Kilosa. Sasa kila tairi likilegea, wifi ananipigia simu.