Kelele Baada ya Gitaa la Mwenda

Fedheha zinazoweza kumpata mtu mzima mjini Kalemie ni nyingi, lakini iliyo mbichi kuliko zote ni ile ya kukabidhiwa simu ya kupigia muziki kwenye matanga ya mzee anayeheshimiwa, kisha simu hiyo ikamuumbua aliyeishika mbele ya wajane, mchungaji na wakwe. Jambo hili halitokani na uzembe wa mshika simu, kama wanavyoendelea kudai shangazi za marehemu, bali lina asili yake katika namna muziki unavyotengenezwa katika studio za siku hizi, na kwa hiyo linastahili kuelezwa kwa utaratibu.

Mkasa wenyewe ulitokea mjini humo, mtaa wa Kataki. Marehemu alipenda gitaa la Jean Bosco Mwenda, mwana wa Katanga aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, na familia iliomba wimbo wake "Masanga" upigwe wakati wa kumkumbuka. Hiyo ni rekodi ya mtu mmoja na gitaa moja, yenye sauti ya chini, ambamo nyuzi nyingine huguswa kwa upole ambao waliokaa nyuma ya turubai hawakuupata hata kidogo, kwa kuwa jenereta ilikuwa ikinguruma uani. "Papa, pandisha kidogo, huku hatusikii," walisema, na mshika simu akapandisha. Wakasema tena, akapandisha tena, mpaka ampli ikafika mwisho wake, gitaa likasikika vizuri na mama mmoja akaanza kufuta machozi. Ndipo wimbo ukaisha, na simu, ambayo haitofautishi matanga na harusi, ikajichagulia yenyewe wimbo uliofuata kwenye kadi yake ya kumbukumbu.

Uliofuata ulikuwa wimbo wa dansi wa Kinshasa ulioanza moja kwa moja kwenye sebene, yaani sehemu ambamo magitaa huzunguka kwa kasi na watu husimama kucheza, ukiongozwa na atalaku, yaani yule mpiga kelele aliyepewa nafasi na bendi ya Zaïko Langa Langa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambaye kazi yake ni kuwachochea wachezaji na kuwataja kwa majina matajiri waliolipa ili watajwe. Bafle zote mbili zilitikisika, kuku waliofungwa miguu kwa ajili ya chakula cha jioni wakakata kamba, na jina la tajiri mmoja likatangazwa mara tatu mfululizo kwenye matanga ya mzee ambaye hakuwahi kuonana naye, kiasi kwamba mjomba mmoja aliyetoka kijijini aliuliza kwa sauti kama huyo ndiye anayemdai marehemu. Mshika simu alijaribu kuuzima wimbo, lakini skrini ilikuwa imejifunga na ikadai namba ya siri, ambayo aliijua mwenye simu peke yake, naye mwenye simu alikuwa amekwenda kununua mafuta ya jenereta. Watoto walikuwa wameshaanza kucheza, tena vizuri.

Swali la kitaalamu ni hili: kwa nini nyimbo mbili zilizopita kwenye ampli ileile, bila mtu kugusa kitu, zitofautiane kiasi hicho? Sauti ya kidijitali ina dari. Kwenye CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, kila kipande cha sauti huandikwa kwa biti 16, na kila biti hutoa nafasi ya takriban desibeli 6, hivyo kati ya mnong'ono wa chini kabisa na kishindo cha juu kabisa kuna takriban desibeli 96. Juu ya hapo hakuna tarakimu, na mlio unaojaribu kupita hukatwa kichwa. Mtu angetarajia kwamba nyimbo zinazokaa chini ya dari moja zingelingana, lakini sikio, linapoamua kama sauti ni kubwa, halizingatii sana vilele vyake bali wastani wake, na hapo ndipo fundi anapoingia na kompresa. Hicho ni chombo, siku hizi mara nyingi programu ya kompyuta, kinachowekewa kizingiti na uwiano: uwiano ukiwa nne kwa moja, mlio unaokivuka kizingiti kwa desibeli 8 huruhusiwa kukizidi kwa desibeli 2 tu, na uamuzi huo huweza kutolewa ndani ya milisekunde chache, kabla mpiga ngoma hajainua mkono tena, jambo ambalo, ukiacha madhara yake, ni la kustaajabisha. Vilele vikishashushwa, nafasi hubaki juu, na wimbo mzima huinuliwa mpaka uguse dari, hivi kwamba pumzi ya mwimbaji na mkwaruzo wa vidole hupanda kukaribiana na ngoma. Mama anayeuza ndakala, yaani dagaa, hufanya vivyo hivyo na gunia: ukubwa wa gunia haubadiliki, ila akiwakandamiza samaki waliochomoza na kuongeza wengine, gunia huwa zito na mnunuzi hufurahi, mpaka afike nyumbani akute vichwa na mikia vimekuwa unga.

Kompresa ikitumiwa kwa kiasi haina ubaya, kwani huizuia sauti ya mwimbaji isimezwe na magitaa. Ubaya uko kwenye mashindano. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio huisikia besi kwa shida sauti inapokuwa ndogo, na kwa hiyo wimbo uleule ukipandishwa kidogo huonekana umenona. Kila mtayarishaji akataka wimbo wake uuzidi wa jirani. Santuri za zamani zilijilinda zenyewe, maana mfereji wa sauti kubwa ni mpana, hula dakika za wimbo na unaweza kuirusha sindano, lakini tarakimu hazina sindano. Mwaka 2008 albamu ya bendi ya Metallica iitwayo "Death Magnetic" ilipondwa na kompresa kiasi kwamba mashabiki, watu wasioogopa kelele hata kidogo, waliandika malalamiko, wakigundua kwamba nyimbo hizohizo zilisikika vizuri zaidi ndani ya mchezo wa video.

Mikasa mingine ya mshika simu yuleyule haihitaji maelezo marefu. Kwa kinyozi, wimbo ulipobadilika, mkono wa kinyozi nao ulibadilika. Kwenye boti la kwenda Moba, wimbo ulipobadilika tena, visikilizi vya kuazima viliishia ziwani.

Kinachoudhi kweli ni kwamba dawa ipo. Mwaka 2006 shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilitoa kanuni ya kupima ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia, na mwaka 2010 umoja wa watangazaji wa Ulaya ukaitumia kuweka kiwango kimoja kwa vituo vyake. Huduma za kusikiliza muziki kwa intaneti kama Spotify husawazisha nyimbo kwa kipimo hichohicho, ili wimbo uliopondwa ushushwe hadi ulingane na wenzake, usipate faida yoyote, na ubaki na unga wake. Lakini Kalemie, ambako bando ni ghali na nyimbo hununuliwa kibandani kwa kijana anayepakia kadi, au hurithiwa kutoka simu hadi simu, hakuna anayesawazisha chochote. Wenye intaneti ya kutosha wamepata tiba, na ugonjwa umeachiwa wengine. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua rumba ya Kongo kuwa urithi wa binadamu wote, na bado mtoto anayekulia hapa kando ya Ziwa Tanganyika huambiwa kwamba rekodi za babu zake ni mbovu, eti hazina nguvu, kumbe ndizo zilizobaki na nafasi ya kupumua.

Watayarishaji wa Kinshasa na Lubumbashi wanapaswa kujua kwamba kilele kilichokatwa hakirudi hata sauti ikipunguzwa namna gani. Kwa vijana wa vibandani ombi ni jepesi zaidi: iko programu ya bure iitwayo MP3Gain, inayofanya kazi kwenye kompyuta zilezile wanazopakilia nyimbo, nayo husawazisha nyimbo za kadi nzima bila kuziharibu zaidi. Waitumie, na wakiongeza faranga kidogo kwenye bei, wenye matanga watalipa.