Barua ya Wazi kwa Mamlaka Inayokagua Magari Mchana

Kwa Mamlaka yenye dhamana ya kukagua magari,

YAH: PONGEZI KWA TAA YA MBELE ILIYOFAULU KILA UKAGUZI

Barua hii inawasilishwa kwa heshima zote zinazostahili, na madhumuni yake ni kuipongeza Mamlaka kwa uhusiano mwema inaoudumisha na taa za mbele za magari ya haibridi yaliyozeeka, uhusiano ambao msingi wake ni kwamba taa hizo huwaka kila Mamlaka inapozitazama na huzimika Mamlaka ikishakwenda kulala. Gari la haibridi, kwa asiyelifahamu, ni gari mseto ambalo injini yake ya petroli husaidiana na mota ya umeme, na sifa yake kubwa sokoni ni kunywa mafuta kidogo. Lililozeeka ni lile ambalo mmiliki wake wa kwanza huko Japani alishalichoka, likapanda meli, likashuka Mombasa au Dar es Salaam, likang'arishwa bampa, likauzwa, likauzwa tena, na sasa limekwama mikononi mwa mtu asiye na wa kumuuzia.

Mfano unaofaa ni Toyota Prius ya kizazi cha pili, iliyoanza kuuzwa mwaka 2003 na kupokewa kijiti na kizazi cha tatu mwaka 2009. Baadhi ya magari hayo yalifungwa taa za zenoni, ambazo kwa wakati wake zilikuwa fahari, kwa sababu hutoa mwanga mweupe unaozidi maradufu ule wa balbu ya kawaida ya halojeni huku zikila wati 35 tu badala ya 55. Ubora huo haubishaniwi na yeyote. Kinachobishaniwa, na hasa kati ya dereva na kila ofisi anayoipelekea gari lake, ni kama taa hizo zina ugonjwa au hazina.

Ugonjwa wenyewe ni wa vipindi, mfano wa jino linalouma usiku kucha na kunyamaza mlangoni pa daktari. Gari huondoka nyumbani baada ya magharibi likiwa na macho mawili, likatembea robo saa au nusu saa, kisha taa moja ikageuka rangi ikawa kama waridi lililochuja, ikazimika. Hakuna fyuzi iliyoungua, hakuna waya uliokatika, na kwenye dashibodi hakuna alama yoyote inayomshtua dereva, ambaye mara nyingi hugundua msiba huo kwa kuona nusu ya barabara imeondoka. Akizima swichi na kuiwasha tena, taa hurudi nyeupe na safi kana kwamba haikwenda popote, na inaweza kukaa dakika mbili kabla ya kuondoka tena, au wiki mbili.

Sababu yake inaeleweka vizuri, na Mamlaka itaipenda, kwa kuwa ni sababu ya kiofisi. Balbu ya halojeni ina uzi mwembamba unaopashwa moto na umeme hadi ukang'aa, na uzi huo ukikatika taa imekufa, jambo limekwisha, hata mtoto anaweza kulishuhudia. Taa ya zenoni haina uzi. Ndani yake mna ncha mbili za chuma zilizoachana kidogo katika gesi, na mwanga hutoka kwenye mwali wa umeme unaoruka kutoka ncha moja hadi nyingine; kuuwasha mwali huo kunahitaji mpigo unaozidi volti 20,000, lakini ukishawaka hutulia kwenye volti 85 hivi, au 42 hivi kwa balbu zisizo na zebaki ambazo Prius ilianza kufungwa mwaka 2006. Anayesimamia mapato na matumizi hayo yote ni balasti, kisanduku cha elektroniki kinachochukua volti 12 za gari na kuzigeuza ziwe kile ambacho balbu inakihitaji kwa saa hiyo.

Sasa balbu ikizeeka, ncha zake hulika, mwali hulazimika kuruka mbali zaidi, na volti inayohitajika kuushikilia hupanda kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Balasti, ambayo imeundwa kujilinda kwanza, hulipima ombi hilo, ikaona limevuka kiwango kilichoidhinishwa, ikalirudisha faili. Dereva akizima na kuwasha, ombi huhesabiwa kuwa jipya, limetoka kwa mwombaji mpya, na hushughulikiwa upya tangu mwanzo kwa ukunjufu uleule wa siku ya kwanza. Ni vigumu kumpata mtumishi wa umma aliyeiva kuliko balasti, ambayo hainyimi huduma kwa chuki, haitunzi kumbukumbu ya aliyerudishwa jana, na daima huwa na sababu iliyo ndani ya kanuni.

Kwa mwenendo huo hakuna namna taa ya zenoni iliyochoka inaweza kuanguka ukaguzi, na hili linastahili kuelezwa kwa kituo, kwa sababu ndilo kiini cha pongezi hizi. Gari huingia kwenye mstari saa nne asubuhi, injini imezimwa, taa zimepoa tangu jana. Mkaguzi husimama mbele ya boneti na kalamu sikioni, akasema "washa," na kwa kuwa jua la saa hiyo limemeza kila mwanga mwingine, hulazimika kuinama na kukinga kiganja juu ya kioo cha taa ili ajue kama kweli inawaka. Inawaka. "Piga fulu." Inawaka. "Indiketa, kulia, kushoto, kanyaga breki." Penye mashine ya kupimia mwelekeo na nguvu ya mwanga, mashine nayo hutazama kwa dakika moja, na katika dakika hiyo balbu, ikiwa bado ina ubaridi wa kupumzika, hutoa mwanga wake bora wa siku nzima. Muhuri hugongwa, gari hutoka, na jua linakuwa bado halijafika utosini.

Fomu nayo haina hatia, maana imechapishwa na visanduku viwili tu, cha "inafanya kazi" na cha "haifanyi kazi", na mtu aliyewahi kujaribu kuandika pembeni maneno "inafanya kazi mpaka Mungu apende" anafahamu jinsi kompyuta isivyo na nafasi ya maelezo kama hayo. Hitilafu ya vipindi haiingii popote. Si kwamba Mamlaka inaificha; ni kwamba, kwa jinsi ilivyojipanga kuuliza, hitilafu hiyo haipo, na dereva anayesisitiza kuwa ipo hutazamwa kama mgonjwa anayelalamikia homa huku kipimajoto kikionyesha nyuzi 37. Wahenga walisema ukipenda chongo utaita kengeza, na gari lenye taa moja, ambalo mitaani huitwa chongo bila kupepesa macho, katika kumbukumbu za ukaguzi halijawahi kupungukiwa na jicho.

Ingefaa pia kuisifu sera ya umri. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limevuka miaka 8, Uganda ilijiwekea kikomo cha miaka 15 mwaka 2018, na Tanzania, badala ya kukataza, hutoza ushuru mzito zaidi kadiri gari linavyokula chumvi. Kote umri huulizwa bandarini au mpakani, kwa ukali, na hati mkononi. Gari likishavuka lango la forodha, hakuna tena anayeuliza, kana kwamba hewa ya Afrika Mashariki husimamisha uzee. Prius ya mwaka 2009 iliyoingia Nairobi ikiwa ndani ya sheria imekwisha kuzeekea humo humo, na balbu zake, ambazo hazikuwa na hati ya usajili, zimezeeka nayo. Bahati moja ipo, kwamba Wajapani huendesha kushoto kama wanavyoendesha Wakenya, Watanzania na Waganda, hivyo angalau mwanga unapokuwepo huelekea upande unaostahili.

Isidhaniwe kwamba hitilafu hii ni uzushi wa madereva wa huku. Huko Marekani, mwaka 2009, malalamiko ya wenye Prius za kuanzia 2006 juu ya taa zinazozimika zenyewe njiani yalifika kwa mamlaka ya usalama barabarani ya serikali kuu, yakafika na mahakamani, na mtengenezaji akarefusha dhamana ya baadhi ya vifaa vya taa hizo. Dhamana hiyo haikupanda meli. Gari lilipofika huku lilifika na ugonjwa, likaacha cheti cha matibabu.

Kilichobaki ni gereji, na hapa barua inaomba radhi kwa kuacha pongezi kidogo, kwa sababu chini ya mwembe hufanyika kazi ambayo Mamlaka haijaifikiria. Fundi wa umeme wa magari anayejua kazi yake hanunui kitu kwanza. Huzima kila kitu, maana volti 20,000 hazina mzaha, akahamisha balbu ya kushoto kuipeleka kulia na ya kulia kuileta kushoto, kisha akamwambia mwenye gari alitembeze usiku siku mbili tatu. Ugonjwa ukihama na balbu, balbu ndiyo mgonjwa. Ukibaki pale pale, mashaka yanahamia kwenye balasti au kwenye waya wa ethi, yaani ule unaourudisha umeme kwenye bodi, ambao katika magari ya pwani hupenda kuota kutu ya kijani kwa chumvi ya hewani. Kipimo hicho hakihitaji mashine yoyote. Kinachohitajika ni giza na subira, na kitu cha tatu ambacho ni mkono mwembamba, kwa kuwa kitabu cha ufundi cha gari hilo kinataka bampa lote la mbele livuliwe ili kutoa taa nzima, na mafundi wengi huona afadhali kuchubuka vidole kuliko kufungua bampa la mtu ambalo vishikizo vyake vya plastiki vimekwisha kukauka.

Haibridi ina hila yake nyingine ambayo fundi huikumbuka na mkaguzi huisahau. Gari hili lina betri mbili: kubwa, ambayo kwa Prius hiyo ni ya volti 201.6 na kazi yake ni mwendo, na ndogo ya volti 12 iliyofichwa kwenye buti, inayohudumia kompyuta, redio na taa ikisaidiana na kigeuzi kinachoishibisha kutoka kwa ile kubwa. Katika gari la kawaida betri ikichoka husikika asubuhi, maana stata hukohoa na mtaa mzima ukajua. Katika haibridi betri kubwa ndiyo inayoizungusha injini, na ile ndogo huamsha kompyuta tu, kazi isiyo na kelele, kwa hiyo inaweza kufa pole pole kwa miezi bila kumsumbua mtu, na dalili yake ikaonekana kwanza kwenye taa inayogoma kuwaka. Mita ya volti ingeimaliza hoja hiyo kabla mkaguzi hajafungua kalamu yake.

Huko nje, baada ya saa za kazi, kinachofuata kinajulikana na kila anayetumia barabara ya usiku. Gari la taa moja likija kwa mbali huonekana ni bodaboda, na anayelipita lori lililo mbele yake huhesabu nafasi ya bodaboda, nafasi ambayo gari haliwezi kutosha ndani yake. Dereva wa lile gari analijua hilo, kwa hiyo hufanya jambo pekee linaloirudisha taa iliyokufa, nalo ni kuizima na ile iliyo hai. Swichi ya taa ni moja. Akiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari lake husafiri mita 22 kwa kila sekunde ya giza hilo, na sekunde haiwi moja, kwa sababu taa ya zenoni ikiwashwa huchukua muda kidogo kufikia ukamilifu wa mwanga wake. Taa ikikubali, hurudia utaratibu huo baada ya kilomita kumi. Kwenye kioo cha gari lake stika ya ukaguzi ni halali mpaka mwaka ujao.

Kwa kuwa pongezi bila ombi hudhaniwa kuwa unafiki, barua hii ina ombi dogo. Mamlaka inaombwa iongeze kisanduku cha tatu kwenye fomu, kisomeke "wakati mwingine", na magari yenye taa za zenoni yaliyovuka miaka 10 yaachwe na taa zimewashwa nusu saa kabla ya kupimwa, gizani, huku mkaguzi akiwa amekaa kwenye kiti na si amesimama na haraka zake. Kifaa kipya hakihitajiki, wala semina hotelini. Inahitajika zamu moja ya jioni. Nairobi na Dar es Salaam jua huzama kabla ya saa moja usiku mwaka mzima, na lango la ukaguzi hufungwa saa kumi na moja.