Spanieli Katikati ya Chai

Spanieli aina ya koka ni mbwa wa Kiingereza wa kuwindia ndege. Ana uzito wa kilo 13 hadi 14 hivi, manyoya marefu miguuni na tumboni, na masikio yanayofagia chini kila anapoinama. Kazi yake ni kuingia kichakani, kumtimua ndege, na baada ya risasi kumwokota na kumleta mkononi mwa mwindaji bila kumtoboa. Mwaka 1946, huko Marekani, koka wa Kiingereza na koka wa Marekani walitenganishwa rasmi kuwa aina mbili. Yule wa Marekani ana manyoya mengi zaidi, na huku Mponde, kwenye mashamba ya chai ya Usambara, hamfai mtu.

Familia inayompokea hudhani imepata mlinzi. Mwizi akija, spanieli humlaki kwa kutingisha kiuno kizima, maana mkia pekee haumtoshi. Hapendi kuachwa peke yake. Mama akienda kuchuma chai, naye yumo mistarini. Hurudi na udongo mwekundu hadi kwapani, kishona nguo kimejaa miguuni, na kuchanuliwa kwake hula jioni nzima.

Masikio yake hayapitishi hewa, na kwa ukungu wa Usambara huoza upesi yasipokaushwa. Kupe wa ng'ombe nao huyapenda. Wakati wa kula masikio hutumbukia kwenye uji, hivyo watoto hukata soksi ya shule upande wa vidole na kumvalisha kichwani. Mbwa hula akiwa amefungwa kama bibi mwenye jino bovu.

Lakini kesi kubwa ni ya kuku. Kuku wa jirani akichakura chini ya michai, spanieli humtimua, humbeba, na kumweka barazani mbele ya wageni, mzima, amelowa mate na amekasirika. Kumpiga mbwa hapo ni kosa: atajifunza kuficha mzigo, si kuuacha. Inavyotakiwa, apokelewe kwa upole, asifiwe, na abadilishiwe kuku kwa dagaa. Jirani anayefika mbio anakuta familia nzima ikimpongeza mwizi wake, tena kwa kitoweo.

Kumweleza jirani kwamba mbwa huyu ana taya laini zisizotoboa hakusaidii sana. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ni wengi milimani huku, kilicholowa mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa maji yenye udongo. Udongo upo tele. Tatizo ni kuku, ambaye hakubali hata mara ya pili, hasa kwa baridi ya Julai.

Kwa kawaida mazungumzo huishia kwenye bei: “Basi mchukue tu, jirani, nipe changu.” Kuku hulipiwa na kuhamia banda jipya. Kesho yake asubuhi spanieli humleta tena barazani, safari hii bila kutoka uani.