Vidoa vya Shemeji

Mwaka 2019, dengue ilipolipuka Dar es Salaam, na sisi hatukupona. Shemeji, mdogo wake mke wangu, aliungua homa, macho yakimuuma kwa ndani na viungo vikimkatika. Asubuhi moja homa ikashuka. Mama mkwe akamshukuru Mungu, akabandika uji. Mke wangu alipomvua mdogo wake soksi amkande miguu, akakuta vidoa vyekundu vimetapakaa hadi magotini, vidogo kama ncha ya sindano.

"Vipele vya joto hivyo," akasema mama mkwe. "Mpakeni poda." Jirani aliyekuja kumjulia hali akashikilia kuwa ni kunguni.

Mke wangu akachukua bilauri ya kioo, akaikandamiza juu ya vidoa. Wekundu wa upele wa kawaida hufifia ukibonyezwa, kwa kuwa damu bado imo mishipani nayo husogea. Hivi vilibaki vyekundu vilevile chini ya kioo: damu ilikwisha vuja ikanasa ndani ya ngozi.

"Mama, huu si upele. Twende hospitali."

Shemeji akanyoosha mkono achukue diklofenaki kwa ajili ya mgongo. Dada yake akamnyang'anya. Dawa hiyo, sawa na aspirini na ibuprofeni, humzidishia mgonjwa wa dengue hatari ya kutokwa damu.

Kipimo kilionyesha chembe sahani, zile zinazoziba mishipa ikichubuka, zimeshuka chini mno ya 150,000 kwa mikrolita, kiwango cha chini cha mtu mzima wa afya. Mama mkwe hakuridhika. "Daktari, mimi nilipomzaa huyuhuyu nilitokwa na vidoa hivi usoni, vikaisha vyenyewe."

"Ni kweli, mama," daktari akajibu. "Kusukuma mtoto hupasua vimishipa vya uso. Hata kukohoa sana au kutapika kwa nguvu. Lakini vikija na homa, msingoje: vinaweza kuwa vya homa ya uti wa mgongo, nayo huua kwa saa chache. Na kwenye dengue, homa ikishuka ndipo siku za hatari zinapoanza, mishipa ikivujisha maji."

Shemeji akalazwa, akatundikiwa dripu, na chembe zikapanda. Mama mkwe alirudi nyumbani akamwaga maji ya kila kopo uani, kwani mbu anayeeneza dengue huuma mchana na hutaga hata kwenye maji safi yaliyotuama. Pipa letu la mvua lilijaa viluwiluwi.